Mpwa Wangu Alivyomuua Mheshimiwa kwa Kidole

Siku Mheshimiwa alipokufa, mimi nilikuwa sebuleni kwa dada yangu nashona kiatu, na muuaji alikuwa amekaa mbele yangu anakunywa chai.

Hakushika kisu. Hakushika bunduki. Alishika simu yenye kioo kilichopasuka.

Akabonyeza. Akapiga funda la chai. Akaniambia:

"Mjomba, kazi imekwisha."

Nikavuta uzi. Nilijua ni upuuzi wake wa siku zote.

Lakini kabla chai yake haijapoa, redio ya jirani ikakata matangazo ya sabuni na kuanza kupiga muziki wa maombolezo.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana wengi mliwahi kusikia kisa hiki na mlichosikia ni makapi.

Muuaji ni mpwa wangu, mtoto pekee wa dada yangu. Mtaani wanamwita Kamusi, kwa sababu huwezi kufungua mdomo mbele yake asikurekebishe. Ukisema jua limechomoza, atakuambia jua halichomozi, ni dunia ndiyo inayojizungusha. Hapo amekaa kwenye kiti cha mama yake, anakunywa chai ya mama yake.

Kazi yake ni kubadilisha vioo vya simu. Vya watu wengine. Chake kimepasuka tangu nimjue.

Lakini ukimuuliza, atakuambia kazi yake hasa ni uhariri. Kuna ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo kila mwenye kidole anaruhusiwa kuandika. Basi yeye ni mmoja wa wenye vidole.

Nimetembea sana. Nimeona watu wakipigania maji, wakipigania mwanamke, wakipigania pa kulala kwenye sitaha ya meli. Sijawahi kuona watu wazima wakipigania sentensi moja, miezi nenda miezi rudi, bure, na hata sura hawajuani.

Sentensi yenyewe ilikuwa hii: Mheshimiwa aliiba jenereta ya hospitali akaipeleka kwenye hoteli yake.

Kamusi anaiandika kwenye wasifu wa Mheshimiwa asubuhi. Mchana mtu anayejiita Mfagiaji anaifuta. Jioni Kamusi anairudisha. Mfagiaji anaifuta tena, na kila akifuta anaacha maneno yale yale kwenye ukurasa wa majadiliano:

"Mhusika yuko hai. Tuhuma haijathibitishwa. Chanzo kiko wapi?"

Mara ya kwanza Kamusi aliweka chanzo: ujumbe kutoka kundi la simu la mtaani. Kundi ambalo wiki hiyo hiyo lilitangaza kwamba maji ya kitunguu yanatibu upofu.

Mfagiaji akafuta.

Akaweka gazeti lililoandika kwamba "kigogo mmoja" anachunguzwa. Mfagiaji akajibu, "Kigogo mmoja si jina la mtu."

Hapo ndipo Kamusi akagundua neno "inasemekana". Jamani, alilipenda neno hilo! Aliamini ni kama sabuni: unachukua uchafu wowote, unaupaka "inasemekana", unatoka unanukia.

Mfagiaji akafuta. "Inasemekana na nani?"

"Huyu amenunuliwa!" Kamusi akafoka. "Analipwa na Mheshimiwa, huyu mbwa!"

Nikamuuliza, "Una ushahidi kwamba analipwa?"

"Mjomba, si inajionyesha?"

"Na hiyo jenereta, wewe uliiona?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu ndiye nani? Anakaa nyumba ya ngapi?"

"Mjomba, na wewe usianze."

Sisemi kwamba nilimpenda Mheshimiwa. Mimi wanasiasa naona wote ni mkokoteni mmoja, wanapokezana kuusukuma na kuukalia. Lakini sikuona tofauti kati ya mtu anayechukua cha watu bila haki na mtu anayechukua jina la mtu bila haki. Wote mikono yao ni myepesi.

Mtu wa ajabu katika nyumba hiyo alikuwa dada yangu.

Alifanya kazi miaka mingi hospitalini, mtunza stoo, kabla hajaondoka na kwenda kufanya usafi kwenye kliniki ya meno. Ungetegemea awe na la kusema kuhusu jenereta. Wapi! Mwanawe akianza kuhutubia, yeye anainuka, anaingia jikoni, anaanza kusugua sufuria ambayo ni safi.

Siku moja nikamfuata.

"Dada, mwanao anajitafutia kesi. Kama unajua kitu, mwambie."

"Muache, kaka. Anacheza."

"Na wewe je?"

"Mimi nasugua sufuria."

Nikaondoka. Dada yangu akifunga mdomo, hata uende na mtaimbo huufungui.

Basi asubuhi ile ya mauaji, dada alikuwa kazini. Kamusi akaamua kusoma sheria za ile ensaiklopidia. Miezi yote alikuwa anapigana bila kuzisoma, mwanasheria wetu huyo. Alipofika mahali akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mjomba! Sikiliza. Sheria hii inawahusu watu walio hai! Umesikia? Walio hai!"

"Nimesikia. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo asipokuwa hai?"

Nikadhani ni mzaha. Kumbe mwenzangu kidole kilikuwa kinashuka. Akaandika kwamba Mheshimiwa amefariki dunia ghafla nyumbani kwake. Kisha, chini ya kaburi hilo, akaipanda jenereta yake.

Nilipoelewa, niliacha sindano.

"Umemuua mtu ili umseme?"

"Ni kwa muda tu, mjomba. Nawaonyesha upumbavu wa sheria yao. Mfagiaji akiamka, tunajadiliana."

Mfagiaji hakuwahi. Watu waliwahi.

Jamaa mmoja mwenye ukurasa wa umbea alinakili. Mwingine akanakili kwake. Redio ikasoma kwa huyo wa pili, kwa sauti nzito ya msibani. Hakuna aliyepiga simu nyumbani kwa marehemu. Kupiga simu ni kazi, kunakili ni raha.

Halafu rambirambi zikaanza, na hapo ndipo nilipowadharau binadamu kwa utulivu, bila kuharakishwa.

Mpinzani wake, ambaye siku chache nyuma alimwita fisi mbele ya umati, aliandika kwamba taifa limepoteza nguzo. Chama chake mwenyewe kilitoa taarifa ya masikitiko makubwa. Msemaji wake alipiga simu ya bosi, akaikuta imezimwa, akakaa chini akalia. Simu kuzimwa! Huo ndio uchunguzi wa kitabibu aliofanya.

Kamusi alikuwa ameshaanza kutoka jasho.

"Mjomba, nifute?"

"Futa kwenye redio, basi."

Redio ikafungua laini ili wananchi wamwage machozi. Wa kwanza akasema marehemu alikuwa baba wa wanyonge. Wa pili akasema alikuwa simba. Wa tatu hakuwa na la kusema, alitaka tu asikike na shemeji yake.

Kisha ikaingia sauti ya mwanamke, tulivu, inayojua inachotaka.

"Mtangazaji, mimi nilikuwa mtunza stoo wa hospitali."

Kikombe cha Kamusi kikagonga meza.

Ilikuwa sauti ya mama yake.

"Watu wanasema aliiba jenereta," dada akasema. "Uongo. Jenereta ile ilikufa yenyewe, ikauzwa chuma chakavu, na kila mtu alijua. Kilichoondoka ni vitanda vya wodi ya wazazi. Vipya, havijatolewa hata nailoni. Mheshimiwa alipiga simu, akasema vitarudi. Alikuja na lori, mwenyewe amekaa mbele. Mlango wa stoo nilifungua mimi."

"Mama," mtangazaji akasema, "una uhakika?"

"Nakwambia nilifungua mimi. Wanawake walizaa chini, kwenye sakafu, na mimi nilikuwa nasaidia kuipiga deki. Sakafu hiyo naijua kuliko wewe unavyojua kiti chako."

Halafu mtangazaji, kwa ushujaa ambao hakuwahi kuwa nao maishani, akasema:

"Endelea, mama. Leo tunamkumbuka kwa uhuru."

Kwa uhuru! Kwa sababu anadhani mwenyewe yuko mochwari.

Dada akaendelea mpaka akamaliza. Akataja jina lake kamili, akasema, "Ahsante, narudi kazini," akakata.

Nikamtazama Kamusi. Miezi yote alikuwa anapigania jenereta ambayo haikuibiwa, na aliyeona wizi alikuwa anampakulia wali kila siku. Hakuwahi kumuuliza. Mtu wa vyanzo huyo!

"Mjomba," akanong'ona, "Mheshimiwa si yuko hai?"

"Wewe ndiye unayejua. Si ulimuua wewe?"

"Mama amemsema akidhani amekufa. Mjomba, watammaliza mama yangu."

Nikaona kwa mara ya kwanza ameelewa kwamba kwenye ile sentensi yake kulikuwa na watu ndani.

Mchana Mheshimiwa akafufuka.

Alijitokeza mubashara kwenye simu yake, amekaa kwenye sofa, shavu limevimba kama ameficha embe. Alikuwa anaongea kwa shida, upande mmoja wa mdomo unafanya kazi na mwingine umegoma.

"Ndugu wananchi, niko hai," akasema. "Sasa mmewaona. Walioniua ndio hao hao wanaoniita mwizi. Kama kifo changu ni uongo, na hayo mengine ni nini?"

Nakiri, jamaa ni mjanja. Kamusi alimpa mkononi kile ambacho hata fedha zake zisingekinunua: uongo mmoja mkubwa wa kufunikia ukweli wowote.

Watu wakageuka kama kitambaa cha upepo. Waliolia walifuta machozi yao mtandaoni. Redio ikaomba radhi, ikasema "mpigaji simu mmoja" alipotosha umma. Mpinzani wake akaandika kwamba alijua tangu mwanzo. Na matusi yote yakamwendea mama mmoja mfanya usafi: mzushi, mchawi, ametumwa.

Dada akarudi jioni na vitunguu kwenye mfuko.

Kamusi akapiga magoti hapo hapo mlangoni, hata hakumpokea mzigo.

"Mama, nisamehe. Ni mimi. Ni mimi niliyeandika amekufa. Nimekuponza. Ungejua yuko hai usingepiga simu."

Dada akaweka vitunguu mezani. Akavua viatu. Akamtazama mwanawe kama anavyotazama doa kwenye kigae.

"Nani kakwambia sikujua?"

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Alikuwa kwenye kiti chetu," dada akasema. "Kliniki. Tangu tunafungua. Jino la nyuma limeoza mpaka kwenye mzizi. Daktari kampiga ganzi, mdomo umejaa pamba, simu kaizima mwenyewe maana hapendi aonekane analia. Mimi napiga deki chini ya miguu yake, nasikia kwenye redio ya mapokezi kwamba amekufa."

"Sasa... mama... kwa nini?"

"Kwa sababu nimeipigia redio ile mara nyingi kuliko unavyofikiri. Nikitaja jina lake tu, laini inakata. Wanasema mtandao mbovu. Leo nilijua hawatakata. Wanaogopa mtu, hawaogopi maiti. Na mwenyewe alikuwa hana mdomo wa kukanusha. Nikaegemeza fagio, nikatoka nje, nikapiga."

Mimi nilicheka. Samahani, lakini nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Dada hakucheka.

"Nilikuwa nangoja nafasi ya kusikika," akamwambia mwanawe. "Nimeipata kwa uongo wako, na uongo wako ndio huo huo wananipigia. Inuka. Chukua vitunguu."

Kesho yake akaja wakili wa Mheshimiwa, mtu anayenukia manukato na kuongea polepole kama anapima dawa. Akakaa kwenye kiti cha Kamusi.

"Mama, hatutaki kukusumbua. Saini hapa tu, kwamba ulichanganyikiwa na msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa... ule uliotangazwa."

"Sikuwa na msiba, mwanangu. Nilikuwa kazini."

Wakili akatabasamu kidogo.

"Basi kuna kesi ya kashfa, mama. Na tunamtafuta aliyeandika kile kifo. Tukimpata, tutajua na wewe ulitumwa na nani."

Akaondoka. Na hapo wote watatu tukaliona shimo. Mtoto anaandika kifo, mama anapiga simu redioni siku hiyo hiyo. Nani angeamini kwamba hawakupanga? Ikijulikana, maneno ya dada yangu yamekufa kweli, bila ganzi.

Kamusi akajifungia chumbani. Nikadhani analia. Kumbe anahariri.

Mfagiaji alikuwa ameufufua ukurasa wa Mheshimiwa, akaing'oa jenereta, halafu akaandika sentensi mbili kavu kama ubao. Kwamba aliyekuwa mtunza stoo wa hospitali alidai redioni kwamba Mheshimiwa alichukua vitanda vya wodi ya wazazi. Kwamba Mheshimiwa amekanusha, na hakuna mahakama iliyomkuta na hatia.

Basi. Bila "inasemekana". Nani kasema, kasema nini, mwenyewe kajibuje.

Na Kamusi alikuwa anazifuta. Mfagiaji anarudisha, Kamusi anafuta. Na sababu aliyoandika, niliiona kwa macho yangu juu ya bega lake:

"Mhusika yuko hai. Tuhuma haijathibitishwa."

Nikamwita dada aje aone.

Dada akasoma polepole. Akamnyang'anya simu.

"Unafuta nini?"

"Nakulinda, mama."

"Unajilinda wewe. Jana ulikuwa unamuua mtu ili maneno yasifutwe. Leo yamepata mwenyewe, ndiyo unayafuta?"

"Watajua ni mimi, mama. Watasema tulipanga."

"Watajua. Kwa hiyo utawaambia wewe kabla hawajagundua wao. Sasa hivi. Mimi nimesimama hapa."

Akaipokea simu, yule kijana wa kurekebisha jua. Akaandika, kwa jina lake halisi, kwenye ukurasa wa majadiliano: aliyetangaza kifo ni mimi, mama yangu hakujua, nilidanganya kwa sababu sikuwa na ushahidi.

Mfagiaji, ambaye tulimwita mbwa wa Mheshimiwa, akajibu:

"Ahsante kwa kusema. Umefungiwa."

Hajaandika tena mpaka leo. Dunia haijatikisika.

Wakili alirudi mbio na habari hiyo kama ameokota almasi, akakuta imeshasambaa na haina tena makali. Huwezi kumfichua mtu aliyekwisha kujifichua mwenyewe. Na dereva wa lile lori, kusikia kwamba mama ameshikilia neno lake na mtoto amekiri, naye akaenda kwa wapelelezi. Dada alikuwa ametangulia, ameapa, ametoa maelezo, pamoja na lile la kufungua mlango. Kliniki walimwachisha kazi kwa kuogopa mteja. Anauza vitunguu sasa, na hajamlaumu mtu.

Mheshimiwa yuko hai, ana afya, jino limepona. Anakana kila kitu. Kesi ya vitanda inaendelea mahakamani.

Je, aliiba? Mimi sikuwepo stooni. Dada yangu anasema alichukua, dereva anasema alibeba, mwenyewe anasema hapana. Nikiongeza hapo hata neno moja, nitakuwa Kamusi mzee.

Ukitaka kumsema mtu, msome kwanza, muulize aliyeona, weka na jibu lake, na simama nyuma ya neno lako akiwa hai na anakutazama. Ukiona huwezi, kunywa chai. Maana wezi wa nchi hii na nyingine zote nilizopita hawajawahi kupata rafiki mkubwa kama mpumbavu anayewazushia.

Kitu kimoja tu kilimuudhi dada. Aliniomba nimfungulie ule ukurasa tena, akakuta jina lake halimo. Mfagiaji alikuwa ameeleza: yeye si mtu wa umma, hakuna haja ya kumtaja.

Dada akanuna siku nzima.

"Sawa," akasema baadaye, anapanga vitunguu vyake. "Nitalitaja mwenyewe kizimbani. Kule aje afute."